Deni la Kesho Kutwa

Ukitaka kujua kama ninaumwa kweli, usinitazame siku ya shughuli. Njoo kesho kutwa yake. Siku ya shughuli utanikuta nimevaa vizuri, nimeketi na wenzangu, ninacheka na pengine ninazungumza kuliko wote, nawe utarudi kwako ukiwa na hakika kwamba yule uliyeambiwa ni mgonjwa amekwisha kupona, au hakuwahi kuumwa. Kesho kutwa yake utanikuta katika chumba kilichoshushwa mapazia, kitambaa cheusi machoni, na ukinisemesha nitakuomba kwa ishara ya kidole upunguze sauti, ingawa ulikuwa unanong'ona.

Nina miaka 24 sasa. Niliugua nikiwa na miaka 16, na ugonjwa wenyewe una majina mengi kuliko dawa. Waingereza waliuita ensefalomielitisi yenye maumivu ya misuli. Wamarekani, mwaka 1988, wakauita sindromu ya uchovu sugu. Leo madaktari wengi huyaunganisha majina hayo mawili na kuandika ME/CFS, herufi za kwanza za majina hayo kwa Kiingereza. Jina la pili ndilo lililotutesa zaidi, kwa sababu uchovu kila mtu anao. Ukimwambia mtu kwamba una uchovu sugu, anakujibu kwa nia njema kabisa kwamba hata yeye amechoka. Jibu hilo nimelipata kwa walimu, kwa binamu zangu, na mara moja kwa mtaalamu wa maabara aliyekuwa bado ameishika sindano mkononi mwangu.

Mimi nilianza na homa ya tezi, ile inayoletwa na virusi vya Epstein-Barr. Tulikuwa watatu darasani tulioipata ndani ya muhula mmoja. Wenzangu wawili walilala wiki mbili tatu, wakarudi, wakacheza. Mimi nilirudi wiki ya nne, nikapanda ngazi za kwenda darasani, nikafika kwenye dawati langu huku miguu ikitetemeka kama ya mtu aliyebeba mzigo, na tangu siku hiyo sijawahi kupanda ngazi bila kuzihesabu. Kwa muda mrefu niliamini kwamba lazima kuna jambo nililolikosea, hadi niliposoma kwamba njia niliyopita inafahamika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliowafuatilia vijana 301 wa Marekani waliougua homa hiyo hiyo, ulikuta kwamba baada ya miezi sita asilimia 13 walikuwa na dalili zinazotimiza vigezo vya ugonjwa huu, baada ya mwaka mmoja asilimia 7, na baada ya miaka miwili asilimia 4. Kwa hiyo wengi hupona, na wachache hubaki. Sijui kwa nini nilihesabiwa miongoni mwa wachache.

Jambo ambalo watu hulielewa kwa shida ni kuchelewa kwa malipo. Mtu mzima wa afya akijichosha, anachoka papo hapo, analala, anaamka mzima. Sisi tunaweza kufanya jambo leo na tukaonekana hatuna neno. Adhabu huja baada ya saa 12, 24, hata 48, na ikija haiji kama uchovu. Koo huwasha, tezi za shingo huvimba, mwanga huchoma, maneno hupotea katikati ya sentensi, mwili huuma kama umepondwa, na hali hiyo hudumu siku kadhaa, wiki, au miezi. Kiswahili kina kesho, kesho kutwa, mtondo na mtondogoo. Ugonjwa wetu unazitumia siku zote hizo. Wataalamu wanalichukulia jambo hili kuwa ndiyo alama kuu inayoutofautisha ugonjwa huu na uchovu mwingine, na shughuli inayolisababisha si lazima iwe ya misuli. Kusoma kurasa tano huweza kutosha. Kugombana na mtu huweza kutosha. Kufurahi sana, nasikitika kusema, huweza kutosha pia.

Kuna kipimo kinachoonyesha jambo hili kwa namba, ingawa binafsi sijawahi kukifanya na ninaogopa kukifanya. Mgonjwa hupandishwa kwenye baiskeli isiyokwenda, akafunikwa mdomo na pua kwa kifaa kinachopima hewa anayoivuta na kuitoa, akapiga pedali hadi mwisho wa uwezo wake. Kesho yake hurudia. Mtu mwenye afya, hata yule mvivu asiyefanya mazoezi kabisa, siku ya pili hupata matokeo yanayokaribiana sana na ya siku ya kwanza. Kwa wagonjwa wa ME/CFS, tafiti kadhaa zimeonyesha kwamba matokeo ya siku ya pili hushuka. Wenye shaka nasi siku zote wamesema kwamba hatuna mazoezi. Kipimo hiki kinawajibu, kwa sababu kukosa mazoezi hakumfanyi mtu ashuke ndani ya saa 24. Tatizo ni kwamba kipimo chenyewe kinaweza kumlaza mtu kwa wiki nyingi, na hakuna kipimo cha damu cha kuchukua nafasi yake.

Ndiyo maana nilizunguka miaka miwili kabla ya kupewa jina. Nilipimwa wingi wa damu, nikapimwa tezi ya shingo, ini, figo, sukari, na kila mara nilikabidhiwa karatasi kwa tabasamu: majibu yako vizuri. Anayejua jinsi mtu anavyoweza kulia kwa kuambiwa kwamba majibu yako vizuri ni yule aliyewahi kutamani, kwa siri na kwa aibu, kwamba wamkute na kitu. Nilikuwa na miaka 17 na nilikuwa naomba Mungu niwe na ugonjwa unaoonekana. Sikumwambia mama ombi hilo. Baadaye, nilipoanza kuzungumza na vijana wengine wenye ugonjwa huu, niligundua kwamba karibu kila mmoja aliwahi kuliomba.

Daktari mmoja, ambaye sina haja ya kumtaja wala kuitaja hospitali yake, aliniuliza kama nina ugomvi nyumbani, kama nina mpenzi, kama naogopa mitihani, kisha akaniandikia mpango wa kutembea: dakika tano kwa siku, na kila wiki niongeze dakika tano. Nilikuwa mtoto mtiifu. Wiki ya kwanza nilitembea, ya pili nilitembea, ya tatu nilitambaa kutoka chooni hadi kitandani, na ya nne mama alikuwa ananishikia kikombe. Niliporudi kwake akasema sikuwa na moyo wa kutosha. Nilimwamini. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo kuliko miguu yenyewe: kwamba nilimwamini.

Nilipokuja kusoma historia nikakuta kwamba mimi si wa kwanza kuambiwa hivyo. Mwaka 1955, katika hospitali ya Royal Free mjini London, wafanyakazi 292, wengi wao wauguzi na madaktari, waliugua ghafla ugonjwa usiojulikana, hadi hospitali ikafungwa kwa muda. Walioshuhudia waliandika juu ya tezi zilizovimba, misuli iliyoishiwa nguvu na maumivu ya kichwa. Miaka 15 baadaye, mwaka 1970, madaktari wawili wa akili, McEvedy na Beard, walichapisha makala wakisema kwamba yale yote yalikuwa ni jazba ya kundi, si ugonjwa wa mwili, na moja ya sababu walizozitoa ni kwamba wagonjwa wengi walikuwa wanawake. Hawakumpima hata mgonjwa mmoja, walisoma majalada. Mwaka mmoja kabla ya hapo Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeuorodhesha ugonjwa huu miongoni mwa magonjwa ya mfumo wa neva. Lakini kauli ya wale wawili ndiyo iliyotembea.

Hata ule mpango wa dakika tano ulikuwa na ukoo wake. Mwaka 2011 jarida la Lancet lilichapisha jaribio kubwa la Uingereza lenye wagonjwa 641, lililodai kwamba mazoezi ya kuongezwa hatua kwa hatua na tiba ya mazungumzo huwasaidia wagonjwa, na wengine hupona. Wagonjwa walilipinga. Wakaomba takwimu ghafi, wakanyimwa, suala likafika kwenye baraza la rufaa, na mwaka 2016 baraza likaamuru zitolewe. Zilipochambuliwa upya kwa vigezo ambavyo watafiti wenyewe walikuwa wamevipanga mwanzoni, madai ya kupona yalinyong'onyea. Oktoba 2021 taasisi ya NICE, inayotunga miongozo ya tiba nchini humo, iliandika wazi kwamba mazoezi ya namna hiyo yasitolewe kama tiba ya ugonjwa huu. Niliusoma mwongozo huo kwa siku tisa, ukurasa mmoja mmoja, nikiwa nimelala chali. Umesema pia kwamba mtoto au kijana ashukiwe kuwa na ugonjwa huu dalili zake zikizidi wiki nne, na apewe jina la ugonjwa zikifika miezi mitatu. Mimi nilipewa baada ya miezi 26.

Aliyenipa alikuwa daktari wa nne, na hakuanza kwa maswali ya nyumbani. Alinilaza kwenye kitanda cha uchunguzi kwa dakika kumi bila kusema neno, akasoma mapigo ya moyo: 72 kwa dakika. Akaniambia nisimame, nisiegemee kitu, nisitembeze miguu. Dakika ya pili mapigo yalikuwa 101. Dakika ya sita vidole vya miguu vilikuwa vimegeuka rangi, masikio yalikuwa yanavuma, na mashine ilisoma 118. Shinikizo la damu halikuwa limeshuka. Kwa mtu mwenye umri wa miaka 12 hadi 19, alinieleza, mapigo yakipanda kwa 40 au zaidi ndani ya dakika kumi za kusimama, moyo unafanya kazi ya ziada kuipandisha damu kichwani, na hali hiyo mara nyingi huandamana na ME/CFS kwa vijana. Nilikuwa na miaka 18, na yangu ilikuwa imepanda 46. Mama alikuwa ameketi pembeni na mkoba wake mapajani. Alimwomba daktari aiandike namba hiyo kwenye karatasi. Bado anayo, na imechakaa kwa kukunjwa.

Nikamuuliza daktari huyo ugonjwa huu unasababishwa na nini, akasema, "Hatujui." Nikamuuliza dawa yake, akasema kwamba ya kuuponya haipo, ila zipo za kupunguza baadhi ya dalili. Ni ajabu kwamba nilitoka mle chumbani nikiwa nimefarijika kuliko siku yoyote ya miaka miwili iliyotangulia.

Shuleni nilikuwa nimeandikwa mtoro. Ninalirudia jambo hili kila ninapopata nafasi, kwa sababu vijana wengi huandikwa hivyo hivyo na wazazi wao huitwa ofisini kuulizwa kama nyumbani kuna amani. Kuna namna rahisi ya kuwatofautisha. Mtoto anayeikimbia shule huwa mzima Jumamosi. Huamka, hutoka, huwatafuta rafiki zake. Mtoto mwenye ugonjwa huu, Jumamosi ndiyo siku yake mbaya kuliko zote, kwa kuwa ndipo anapolipa deni la Alhamisi na Ijumaa. Mwalimu huiona Alhamisi tu. Jumamosi huiona mama.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Hawakusema lolote kuhusu aliyeyatangaza maradhi yake akaumbuliwa na wasikilizaji. Kijana mwenye ugonjwa huu hujifunza mapema sana kusema uongo wa aina mbili, tena kwa siku moja. Asubuhi mbele ya daktari anajizuia asionekane mchangamfu, asicheke, asivae nguo yake nzuri, kwa kuwa akipendeza ataambiwa haumwi. Jioni mbele ya rafiki anajikaza aonekane mzima, kwa kuwa akionekana mgonjwa ataacha kualikwa. Ukweli haupati pa kukaa. Nimewahi kumwambia binti mmoja wa miaka 19, ambaye kabla ya kuugua alikuwa mkimbiaji wa mita 400, kwamba ningetamani siku moja tu ya kuonekana jinsi nilivyo. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti wa sekunde kumi na moja, kwa kuwa hizo ndizo alizokuwa nazo siku ile: "Mimi ningetamani siku moja nisionekane kabisa."

Sisi tunaojuana hutumiana ujumbe mfupi wa sauti, na tuna adabu zetu. Hakuna anayeulizwa kwa nini hakujibu kwa wiki tatu. Hakuna anayeambiwa atapona tu. Yuko kijana wa miaka 17 anayefuatilia mechi za mpira gizani kwa kusikiliza, sauti ikiwa chini kabisa, kipindi kimoja leo na cha pili kesho, na sisi wengine tumeapa kutomwambia matokeo. Yuko mwenzetu anayesoma chuo somo moja kwa muhula. Amekwisha kupiga hesabu kwamba atahitimu akiwa na miaka 33, na hulisema hilo kwa sauti ya mtu anayekutajia saa. Wako wawili ambao sijawahi kuisikia sauti yao. Inakadiriwa kwamba robo ya wagonjwa, angalau kwa kipindi fulani, hawatoki nyumbani au hawatoki kitandani, na hao wawili wamo humo. Mmoja huandika kwa kugusa simu kwa kidole kimoja. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, husema watu. Yeye aliandika kwamba angewapenda hata hao kunguni, wangemletea mabadiliko. Nilicheka, na kicheko hicho nilikilipia.

Umri nao ni jambo gumu. Aliyeugua akiwa na miaka 45 anajua alikuwa nani. Ana kazi aliyoiacha na jina alilolijenga. Sisi tuliougua kabla ya kuwa watu wazima hatukuwa na cha kuacha. Wenzangu wa darasa wamemaliza chuo, wameoa na kuolewa, wamegombana na mabosi wao, wamehama miji. Mimi nimejifunza kutambua kwa sauti ya hatua nani anapita mlangoni. Nikikutana na mtu wa rika langu, ninajikuta nikizungumza kama mtu wa miaka 16 anayejua maneno ya kitabibu ya mtu wa miaka 60, na katikati hapo, kwenye miaka ambayo wengine walikuwa wanakua, kuna tundu. Halafu kuna upande wa pili, kwamba mtu wa miaka 24 hukatwa kucha na mama yake. Kuna miezi ambayo mama aliniogesha. Tulikubaliana bila kusema kwamba wakati huo tutazungumzia habari za ndugu wengine tu.

Njia pekee iliyonisaidia ni kujipimia: kuacha kabla sijachoka, jambo ambalo kila kitu nilichofundishwa utotoni kinalipinga. Nina kifaa cha mkononi kinachosoma mapigo ya moyo, na yakifika 105 kinatetemeka nami ninakaa, popote nilipo, hata kama ni sakafuni. Bafuni kuna kigoda cha plastiki. Nywele ninaziosha siku ambayo sina jambo jingine lolote, kwa sababu kuinua mikono juu ya kichwa kwa dakika tano kunanigharimu kuliko kutembea. Makala hii nimeiandika kwa siku 16, dakika kumi asubuhi na dakika kumi alasiri, na siku nne katikati sikuandika kitu. Dawa ya deni ni kulipa, husema watu, nami nimegundua kwamba kwa deni hili ni heri kutokopa. Lakini kijana asiyekopa kabisa anaishije? Kwa hiyo ninachagua. Nina mikopo miwili mitatu kwa mwaka, ninaijua tarehe yake, na ninajua nitalala siku ngapi.

Kuhusu kupona, sipendi kuulizwa, lakini ninajua takwimu. Huko Melbourne, daktari mmoja wa watoto aliwafuatilia vijana 784 kwa miaka mingi, na kazi yake ilichapishwa mwaka 2019: baada ya miaka mitano, asilimia 38 walisema wamepona, baada ya miaka kumi, asilimia 68. Baadhi ya waliosema wamepona bado walikuwa wakijipimia. Mimi niko mwaka wa nane. Agosti 2025 watafiti wa Uingereza waliolinganisha vinasaba vya wagonjwa zaidi ya 15,000 na vya watu wasio na ugonjwa walitangaza maeneo manane yanayotofautiana, baadhi yake yakihusu kinga ya mwili na mfumo wa neva. Si dawa, wala si kipimo. Mama aliichapisha habari hiyo akaiweka pamoja na ile karatasi ya namba.

Nina mdogo wangu. Nilipougua alikuwa na miaka saba, na kwa sasa ameshanizidi urefu. Hanikumbuki nikikimbia. Hagongi mlango wangu kama watu wengine. Hukwaruza kwa ukucha mara moja, na nisipojibu huondoka bila kuuliza tena, wala hanuni. Jumamosi hii anacheza fainali ya mpira wa kikapu na aliniuliza, akitazama pembeni, kama nitaweza kuja. Tangu Jumanne sijafanya kitu kingine zaidi ya kulala na kumalizia makala hii. Nitakwenda kwa kiti cha magurudumu, nitakaa robo mbili, nitapiga makofi ya kimya. Watakaoniona huko wataona mtu mzima. Jana usiku niliporudi kutoka bafuni nilikuta amekwisha kuweka kando ya kitanda chupa mbili za maji na kile kitambaa cheusi, kimekunjwa vizuri, kwa ajili ya Jumatatu.